Ngao za Taa za Magari: Tunakinga Kioo au Tunakinga Watu?

Gari lililonunuliwa kwa kazi za porini halikai muda mrefu mikononi mwa mwenyewe kabla hajaambiwa na rafiki, ama na fundi, kwamba taa zake za mbele zahitaji ngao. Ngao hiyo yaweza kuwa wavu wa waya, au fito za chuma zilizochomelewa pamoja, au kipande cha plastiki angavu, na kazi yake ni kuzuia jiwe lililorushwa na tairi la gari lililotangulia, au tawi la mti, lisivunje kioo cha taa. Magari ya hifadhi za wanyama yanazo, ya wakandarasi wa barabara yanazo, ya hospitali za vijijini yanazo, na siku hizi hata magari ambayo hayajapata kuiacha lami ya mjini yanazo. Ili kuifunga, mara nyingi fundi hulazimika kwanza kuing'oa taa yenyewe, kisha kuirudisha mahali pake ikiwa pamoja na ngao. Makala hii inahusu tendo hilo la kung'oa na kurudisha. Kwa maoni yangu ndilo lenye hatari kubwa kuliko ngao yenyewe, na ndilo ambalo wenye magari, mafundi na wakaguzi hawalizungumzii.

Sisemi kwamba ngao ni upuuzi. Ilizaliwa kwa sababu nzuri. Taa za zamani zilikuwa za kioo, tena nyingi zilikuwa za aina ambayo kioo, kiakisi na filamenti vilifungwa pamoja kama chupa moja isiyofunguka. Marekani iliyalazimisha magari yake kutumia taa za namna hiyo kuanzia yale ya mwaka 1940, zikiwa na kipenyo cha inchi 7, yaani milimita 178, na kipimo hicho kikaenea duniani. Land Rover nyingi tulizozizoea hapa zilikuwa na taa za duara za kipimo hichohicho. Jiwe likitoboa kioo cha taa kama hiyo, hewa huingia, na filamenti iliyo moto huungua papo hapo. Kwa dereva aliye kilomita 200 kutoka duka la vipuri hilo si jambo dogo. Gari lenye taa moja huonekana kwa mbali kama pikipiki, na yule anayekutana nalo hulipisha kwa upana usio wake. Tukumbuke pia kwamba mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nadhani yalichangia kutuzoeza kuamini kwamba gari lenye vyuma vingi usoni ndilo gari la kazi hasa.

Lakini zama zimebadilika na ngao imebaki. Tangu miaka ya 1980 kioo kimekuwa kikiachwa hatua kwa hatua, na nafasi yake kushikwa na polikaboneti, plastiki ngumu ambayo ndiyo hutengenezewa ngao za askari wa kutuliza ghasia. Polikaboneti haipasuki kwa kokoto kama kioo kipasukavyo. Adui zake ni mchanga unaoikwaruza, na miale ya urujuanimno iliyomo katika jua letu kali, ambayo huigeuza kuwa ya manjano na yenye ukungu mara utando wake wa juu unapochakaa. Wavu wa waya hauzuii mchanga wala hauzuii jua. Ukweli ni kwamba wengi wetu twafunga silaha ya vita vilivyokwisha, na wakati huohuo twaizuia mikono yetu isiifikie taa kuifuta tope.

Tuanze na hasara iliyo rahisi kuhesabika. Chukua wavu wa miraba uliosukwa kwa waya wa unene wa milimita 2, ambamo kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya waya unaofuata ni milimita 12. Kila mraba una uwazi wa milimita 10 kwa 10, yaani 100, katika eneo la milimita 12 kwa 12, yaani 144. Sehemu iliyo wazi ni asilimia 69. Hesabu hii aweza kuifanya mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiwa na rula tu, nayo yasema kwamba karibu theluthi moja ya mwanga ambao betri na jenereta ya gari vimeulipia hauendi barabarani. Fito mbili za unene wa milimita 10 zikikatiza taa ya duara ya milimita 178 hufunika kama asilimia 14. Na kwa kuwa ukali wa mwanga hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, taa iliyobakiwa na asilimia 69 huangaza kitu kilicho mita 83 mbele kwa ukali uleule ambao mwanzo ilikiangaza kikiwa mita 100. Mita 17 zimepotea. Waya ukiwa umepakwa rangi ya fedha inayong'aa, sehemu ya mwanga uliozuiwa hutawanywa juu na pembeni, na usiku wa ukungu dereva huuona kama pazia jeupe mbele yake.

Ukimwambia dereva habari hizi atakujibu kwamba yeye haoni tofauti yoyote. Asidhaniwe kuwa ni mwongo. Jicho halipimi mwanga kama mita ya umeme ipimavyo mkondo. Limeumbwa kuona jua la adhuhuri na kuona nyota, na ili liweze kuyabeba yote hayo hupuuza mabadiliko madogo. Mwanga ukipungua kwa theluthi, na usipokuwa na mwanga mwingine wa kulinganisha kando yake, mtu hatambui. Kwa hiyo ushahidi wa jicho la dereva kuhusu taa yake mwenyewe haufai, na hapa ndipo tunapohitaji kipimo.

Hata hivyo, theluthi hiyo ya mwanga si hoja yangu kubwa. Hoja yangu inaanzia nyuma ya kioo.

Huko kuna kiakisi kilichopindwa kwa umbo la parabola. Sifa ya umbo hilo ilijulikana tangu wakati wa Wagiriki wa kale: miale itokayo kwenye fokasi yake huakisiwa yote ikiwa sambamba. Sifa hiyo ni kali na haina msamaha. Katika kiakisi chenye urefu wa fokasi wa milimita 25, filamenti ikisogea milimita 1 tu upande mmoja, miale hugeuka kwa kiasi cha 1/25 ya radiani, ambayo ni zaidi ya digrii 2. Balbu iitwayo H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971 na ambayo bado imo katika magari mengi ya nchi yetu, ina filamenti mbili. Ile ya mwanga wa mbali hukaa kwenye fokasi. Ile ya mwanga wa chini hukaa mbele yake kidogo, ikiwa na kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia miale ambayo ingeruka juu. Kikombe hicho ndicho kinachochora ule mpaka kati ya mwanga na giza tunaouona gari linapoelekea ukutani. Magari mapya yana viakisi vya maumbo tata zaidi, au lenzi, na mengine hayana filamenti kabisa, lakini mpaka huo wa mwanga wa chini umo katika yote.

Mpaka umewekwa ili dereva aione barabara bila kuwapofusha wanaomjia. Kwa gari dogo, kipimo cha kawaida ni kushuka kwa asilimia 1, yaani sentimita 10 katika kila mita 10. Taa ikiwa sentimita 75 kutoka ardhini, mpaka utaigusa barabara kwenye mita 75. Huo ndio urefu wa barabara ambao dereva ameruhusiwa kuuona anapopishana na wenzake.

Sasa fundi anaing'oa taa. Anachukua kishikio cha ngao, bamba la chuma lenye unene wa milimita 3, anakipachika nyuma ya ukingo wa juu wa taa, kisha anakaza. Kazi imekwisha, nayo ni safi kwa macho. Lakini ukingo wa juu umesogea mbele kwa milimita 3, na ule wa chini umebaki palepale. Gawanya 3 kwa 178. Jibu ni 0.017, yaani taa imeinama kwa asilimia 1.7 zaidi, kama digrii moja. Mshuko wa asilimia 1 umekuwa 2.7, na mpaka uliogusa barabara kwenye mita 75 sasa unaigusa kwenye mita 28.

Ni vema msomaji asimame hapa na arudie hesabu hiyo mwenyewe, maana mimi binafsi sijui hesabu nyingine fupi kiasi hiki yenye uzito kama wake. Wavu ulipunguza ukali wa mwanga. Kipande hiki cha bamba kimeondoa barabara yenyewe. Yule anayevuka kwenye mita 50 alikuwa ndani ya mwanga, sasa yuko nje yake.

Tuone maana yake katika mwendo. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde 1.5 tangu aone hatari hadi breki zianze kushika. Katika muda huo gari linaendelea kwa kasi ileile. Baadaye, kwenye lami kavu na breki zikiwa nzima, linahitaji umbali unaokua kwa mraba wa mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu ambao sheria yetu inayaruhusu mabasi na malori nje ya makazi, gari dogo linatumia mita 33 kabla ya breki na mita 36 baada yake. Jumla mita 69. Zinaingia ndani ya mita 75, zikiacha nafasi ndogo. Kwa mita 28, dereva huyohuyo asingepaswa kuzidi kilomita 43 kwa saa. Lakini hapunguzi, kwa sababu hakuna kilichomwambia kwamba barabara yake imefupishwa. Na kama ni changarawe au lami yenye mvua, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua huzama karibu wimawima, na magharibi yetu ni mafupi; dakika ishirini na chache baada ya jua kuzama giza limetanda, mwaka mzima. Saa moja usiku ndiyo saa ambayo wauza mboga wanafunga meza zao kando ya barabara kuu, wafugaji wanavusha ng'ombe waliochelewa, na wanafunzi wa kutwa wanarudi nyumbani kutoka masomo ya jioni. Shati jeupe la sare humsaidia mwanafunzi kuonekana. Sweta la buluu iliyokoza juu yake humfuta. Zaidi ya hayo, mwaka 2023 Serikali iliondoa katazo la mabasi ya abiria kusafiri usiku, ambalo lilikuwa limedumu tangu miaka ya 1990. Mimi naliunga mkono badiliko hilo, kwani uchumi wa nchi hauwezi kulala saa sita kila siku, lakini tumeongeza abiria wa usiku kabla ya kuongeza uangalifu wa taa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio watu wasiokuwa na taa ya kutosha, wanaotegemea taa ya mtu mwingine.

Bamba likipachikwa kwenye ukingo wa chini badala ya wa juu, kosa hugeuka. Mwanga wa chini sasa unapanda kwa asilimia 0.7, na kufikia mita 50 mpaka wake uko mita 1.1 kutoka ardhini, usawa wa macho ya dereva wa gari dogo linalokuja. Mwanga mkali ukiingia jichoni hutawanyika ndani ya jicho lenyewe, na mtawanyiko huo huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Kwa hiyo mtu wa miaka 60 hupofushwa na taa ambayo kijana huilalamikia tu. Magari yakishapishana jicho huhitaji sekunde kadhaa kurudi katika hali yake, na kwa kilomita 80 kwa saa kila sekunde ni mita 22 za kwenda kipofu. Dereva aliyepofushwa humrudishia mwenzake kwa kuwasha mwanga wa mbali. Huo ugomvi wa taa tunaouona kila usiku katika barabara ya Morogoro, ambao hudhaniwa kuwa ni utovu wa adabu, sehemu yake ni skrubu zilizokazwa vibaya.

(Sehemu nyingine ni jiografia. Sisi, Kenya na Uganda twaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Mwanga wa chini hufanywa upande mmoja upande juu kidogo ili uangaze ukingo wa barabara na waendao kwa miguu. Lori lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, likija bandarini Dar es Salaam, mkono huo wa mwanga huuelekeza kwa wanaokuja. Hili lataka makala yake.)

Katika karakana moja niliyopata kuitembelea, niliangalia kijana akifunga ngao kwenye gari la shamba. Alikuwa fundi hodari. Alitenganisha betri kwanza, kama inavyotakiwa. Alizipanga skrubu kwa utaratibu juu ya gazeti. Hakuigusa balbu kwa vidole, kwa kuwa alijua kwamba mafuta ya ngozi huharibu kioo cha balbu ya halojeni kikipata moto. Kazi ilimchukua chini ya saa moja. Alipomaliza aliwasha taa, akaona zote mbili zinawaka, akazima. Hakuna aliyemfundisha kwamba kuwaka si kipimo cha kutosha, wala mteja hakuuliza, kwa sababu ilikuwa mchana.

Katika taa za duara za kizamani hatari huzidi kwa sababu ya ujirani wa skrubu. Zipo zinazobana pete inayoishika taa, na zipo nyingine, zenye springi, ambazo kazi yake ni kuielekeza: moja kwa juu na chini, nyingine kwa kulia na kushoto. Zimefanana, na zote hushughulikiwa kwa bisibisi ileile. Fundi mwenye haraka hulegeza zote, taa ikatoka, na kwa tendo hilo moja amefuta mwelekeo uliowekwa kiwandani. Katika magari mapya skrubu za kuelekeza zimefichwa nyuma, lakini hapo bampa nzima yaweza kufunguliwa ili taa itoke, na vibanio vya plastiki vilivyokauka kwa jua hukatika. Taa hurudishwa ikiwa imeshikwa pointi tatu badala ya nne, nayo hucheza gari linapopita kwenye matuta.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwa bisibisi. Taa iking'olewa, nyaya zake hutenganishwa na kuunganishwa upya. Kiungio chenye kutu, au waya wa kurudisha umeme kwenye bodi uliofungwa juu ya rangi, hula volti. Mwanga wa balbu ya filamenti haupungui sambamba na volti. Unapungua kwa kipeo kinachokaribia 3.4. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa asilimia 30. Kiungio kibovu pamoja na ule wavu wetu vyaweza basi kuacha nusu tu ya mwanga, na mwenye gari akalala usingizi mzuri akijua kwamba amezikinga taa zake.

Yamkini nitaambiwa kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri, kwamba mafundi wetu hawana vyombo. Ni kweli kwamba Ujerumani, kwa mfano, karakana hupima taa za magari bila malipo kila mwezi wa Oktoba, desturi iliyoanza miaka ya 1950, na kwamba katika ukaguzi wa Uingereza taa isiyoelekezwa sawasawa hulifelisha gari. Chombo wanachotumia ni sanduku lenye lenzi mbele na ubao mdogo wenye mistari nyuma. Lakini sanduku hilo ni ukuta uliokunjwa tu, uliofanywa mdogo ili uingie karakanani. Ukuta mkubwa tunao. Kila shule inao, kila godauni linao.

Na hapa nawageukia walimu wenzangu. Mwanafunzi wetu wa sekondari huchora vioo mbonyeo na vioo mbinuko, na hukariri kwa Kiingereza kanuni za kuakisiwa kwa miale, kisha hupita mbele ya Land Rover ya shule kila asubuhi bila kujua kwamba kanuni hizo zimo ndani ya duara lile la kioo. Sitaki kufufua hapa mjadala wa lugha ya kufundishia, ingawa msimamo wangu msomaji ameshaukisia. Nasema tu kwamba tanjenti ya pembe, mraba wa umbali, kipeo cha volti, fokasi ya parabola na hesabu ya breki vyote vimekutana katika kitu kimoja kilichoegeshwa uwanjani. Darasa la watoto arobaini lina arobaini watakaokwenda kwa miguu usiku huohuo.

Zoezi lenyewe ni hili. Gari liegeshwe mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha na mtu mmoja akiwa kwenye kiti cha dereva. Pimeni kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, muuchore mstari wa chaki ukutani kwenye kimo hicho, na wa pili sentimita 10 chini yake. Jioni, washeni mwanga wa chini na mfunike taa moja kwa kitambaa kwa muda mfupi, mkipima nyingine. Mpaka wa mwanga katika upande wa kulia ukae juu ya mstari wa pili, na upande wa kushoto upande kidogo kuelekea ukingo wa barabara. Ukiwa umepotoka kwa sentimita 17, hiyo ni digrii moja, nanyi mmeshajua digrii moja ina maana gani. Wanafunzi wa vidato vya juu wakokotoe umbali ambao mwanga unaishia, halafu mwendo usiopaswa kuzidishwa, na wampelekee dereva jibu likiwa limeandikwa.

Kwa upande wa wenye mamlaka, naona mambo mawili yawezekana bila gharama kubwa. Ukaguzi wa magari usiishie kuona kama taa inawaka. Uangalie inaelekea wapi. Na Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, litoe kiwango cha ngao za taa: uwazi wake usiwe chini ya kiasi fulani, iwe na bawaba ili ifunguliwe usiku na kioo kifutike, na kishikio chake kifungwe kwenye bampa au kwenye bodi, kisipite kamwe nyuma ya taa. Sharti hilo la mwisho peke yake lingeondoa haja ya kung'oa taa katika magari mengi, nami naliona kuwa bora kuliko yote. Kwa gari lisilotoka kwenye lami, ushauri wangu ni kuiacha ngao dukani. Kwa gari la porini lenye taa za kioo, ifungwe, na dereva aifungue saa kumi na mbili jioni kama mwenye duka afungavyo milango yake.

Pale ambapo taa haina budi kung'olewa, upo ujanja unaomfaa fundi hata kama uwanja wake una mteremko na hana futi kamba. Kabla ya kugusa skrubu ya kwanza, alielekeze gari ukutani, aweke alama ardhini kwenye magurudumu yote manne, awashe taa, na auchore kwa chaki mpaka wa mwanga wa kila taa kama ulivyo. Akimaliza kazi, alirudishe gari kwenye alama zilezile na awashe tena. Mwanga ukikataa kukaa juu ya chaki, arudi nyuma ya taa akatafute zile milimita 3.